Makumbusho Hayakumbushi Yenyewe

Atokaye Maskati ya kale kwa njia ya Sidab akielekea hoteli ya Al Bustan Palace hana budi kukutana na jahazi kubwa la mbao lililosimama nchi kavu katikati ya mzunguko wa barabara. Jina lake ni Sohar. Lilijengwa Sur kwa kufuata kanuni za waundaji wa zamani, mbao zake zikatobolewa na kushonwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari hata mmoja wa kuzishikiza, na mwezi wa Novemba mwaka 1980 likatweka matanga kutoka Maskati, likiongozwa na msafiri Mwingereza Tim Severin pamoja na mabaharia wa Oman, likazipita bahari moja baada ya nyingine hata likatia nanga Guangzhou, katika nchi ya China, mwezi wa Julai mwaka 1981. Leo chombo hicho kimewekwa pale ili kionwe na watu.

Nacho huonwa, ikiwa kuona ni kupitisha macho. Hakina mlango wala bawabu, hakitozi kiingilio, hakifungwi Ijumaa wala sikukuu, na magari hukizunguka tangu alfajiri hata usiku wa manane. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa wenye magari hayo kwa miaka mingi, nikikiona chombo kile kama mtu aonavyo nguzo ya taa iliyo mbele ya nyumba yake, hata siku moja ami yangu, mzee aliyezaliwa Unguja na kukulia huko, ambaye nilikuwa nikimpeleka kumzuru mgonjwa, aliponishika bega akaniambia, "Weka gari pembeni, mwanangu. Wewe unajua kwamba chombo kile kimeshonwa?" Tukaegesha mahali pa salama, tukavuka kwa miguu, naye akanionyesha kwa ncha ya bakora yake mstari wa matundu yaendayo mawili mawili pale ubao unapopakana na ubao, kisha akaanza kunisimulia habari za mtepe, chombo cha kushonwa cha pwani ya Afrika Mashariki, ambacho yeye hakuwahi kukiona kikisafiri lakini babu yake alikiona, na ambacho mfano wake uliwekwa baadaye ndani ya Beit al-Ajaib, Unguja, ili vizazi visije vikasema kwamba wazee walikuwa wakitunga. Tulikaa pale karibu ya saa nzima. Toka siku hiyo sijapita mahali pale bila ya kugeuza uso kutazama.

Tangu wakati huo nimeshikilia rai moja, nayo ndiyo niitoayo leo mbele ya wasomaji: kwamba lile limpelekalo mtu makumbushoni na katika maonyesho ya sanaa, na hasa lile limrudishalo huko mara ya pili na ya tatu, si uzuri wa jengo wala wingi wa vitu vilivyomo, bali ni mtu mwingine aliyemshika mkono akamwambia, "Tazama hapa."

Najua kwamba rai hii haifanani na yale yasemwayo aghalabu. Kila ijapo habari kwamba kumbi za maonyesho zimepwaya, utasikia kwamba kiingilio kipunguzwe, jengo lipanuliwe, matangazo yaongezwe, gari za kuwachukua watu zipatikane. Mambo hayo yote ni mema na sina neno nayo. Maskini hawezi kulaumiwa kwa kutokwenda mahali asipoweza kulipia. Walakini jahazi la Sohar linatoa ushahidi kinyume cha hoja hiyo, kwa kuwa halitozi kitu wala haliko mbali na mtu, na bado wengi walipitao hawajapata kulitazama. Wataalamu wa elimu ya jamii wa Ufaransa, Pierre Bourdieu na Alain Darbel, walichapisha mwaka 1966 kitabu juu ya uchunguzi walioufanya katika makumbusho ya sanaa ya Ulaya, na hukumu yao ilielekea huko huko: kwamba mlango uliofunguliwa kwa watu wote haukuingiwa na watu wote, kwa sababu waliouingia walikuwa hasa wale waliopata elimu ndefu na waliozoezwa tangu nyumbani kwao kuvisoma vitu vya namna ile, na wengine, ingawa hawakukatazwa na mtu, walijikataza wenyewe. Kizuizi kilikuwa moyoni, na kizuizi cha moyoni hakiondolewi kwa kupunguza bei ya tikiti.

Basi na tutazame kwa insafu sababu zinazowapeleka watu huko. Ya kwanza na ya kongwe kuliko zote ni ajabu. Mwanadamu ameumbwa na shauku ya kuona asichokijua, na shauku hiyo haina kabila wala dini. Mwaka 1840 jahazi la Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, lililoitwa Sultana liliposhusha nanga New York kutoka Unguja, na ndani yake mjumbe wake Ahmad bin Naaman, watu wa mji ule walimiminika gatini kwa makundi, na si wote waliokuja kununua tende, karafuu na pembe zilizokuwa ndani ya chombo, bali wengi walikuja kuwatazama mabaharia, vilemba vyao na majoho yao, mpaka mchoraji mmoja, Edward Mooney, akamchora Ahmad mwenyewe, na picha hiyo ndiyo ituonyeshayo uso wake hata leo. Na mwaka 1911, picha ya Mona Lisa ilipoibwa katika makumbusho ya Louvre mjini Paris, watu walikwenda kwa wingi kuutazama ukuta mtupu ilipokuwa imetundikwa. Ajabu ina nguvu kiasi hicho: humtoa mtu nyumbani kwake akaangalie hata pasipo na kitu.

Lakini ajabu ina kasoro moja, nayo ni kwamba hulika ikaisha. Aliyekwisha kuliona jambia la fedha na kushangaa, hana haja ya kulishangaa tena kesho. Atasema amefika, ameona, na orodha yake ya mahali pa kwenda itahamia kwengine. Ndivyo wafanyavyo wageni washukao kwa meli katika bandari ya Matrah, ambao huzunguka kasri na ngome asubuhi na jioni wakarejea baharini, wala siwalaumu, kwani mgeni ni mgeni. Lililo la kusikitisha ni sisi wenyeji kuwa wageni kwa namna hiyo hiyo, tukaingia makumbushoni siku tuliyoletewa jamaa kutoka Mombasa au Dar es Salaam na tunataka kumwonyesha mji, kisha tusionekane tena mpaka jamaa mwingine afike.

Sababu ya pili ni fahari. Maskati ilipofanywa mji mkuu wa utamaduni wa Kiarabu mwaka 2006, kila mwenye kuipenda nchi hii alifurahi, na haki yake. Miaka kumi baadaye, mwaka 2016, Makumbusho ya Taifa yakafunguliwa kwa watu, yakikabiliana uso kwa uso na kasri ya Al Alam, na mwaka 2023 yakafuata yale makubwa ya Manah, karibu na Nizwa, yaelezayo habari za Oman tangu enzi na enzi. Kabla ya hayo yalikuwapo ya jamaa binafsi, kama Beit al-Zubair iliyofunguliwa mwaka 1998 kwa vitu vilivyokusanywa na ukoo mmoja, silaha, mavazi, mapambo ya fedha na vyombo vya nyumbani. Ni nyumba za kustahili sifa, na mtu apitaye mbele yake akainua kichwa hana kosa. Ila nimeona kwamba fahari hujenga nyumba lakini haiijazi, kwa sababu mwenye fahari hutosheka kwa kujua kwamba kitu kipo, hata asipokwenda kukitazama. Kama mwenye maktaba kubwa asiyesoma, ambaye utajiri wa rafu zake humtuliza moyo.

Ipo sababu ya tatu, nayo ni elimu, na ya nne, nayo ni utulivu wa nafsi. Maana wako watu ambao huingia katika ukumbi wa picha kama wengine wanavyoingia bustanini, si kwa kutafuta maarifa, bali kupumzika na kelele za mji na kukaa mbele ya kitu kizuri kisichowaomba neno. Mmarekani John Falk, aliyeufanya uchunguzi wa waendao makumbushoni kuwa kazi ya maisha yake, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2009 kwamba watu hawa waweza kugawanywa kwa makusudio yao: wapo watafutaji wa mambo mapya, wapo mahodari wa fani wanaofuata fani yao, wapo wanaotaka tu kuwa wamefika mahali mashuhuri, wapo wanaotafuta raha ya moyo, na wapo wale ambao wao wenyewe hawana haja kubwa na vitu vilivyomo, bali wamekuja kwa ajili ya wengine, mzazi kwa ajili ya mtoto, rafiki kwa ajili ya rafiki. Mimi hawa wa mwisho ndio nionao kuwa nguzo ya nyumba, kwa kuwa bila wao hao wengine wasingepatikana. Mtafute huyo mtafutaji, na huyo mpenda utulivu aingiaye peke yake na kutoka peke yake, umwulize mara ya kwanza aliingia na nani. Atakutajia mama, mwalimu, mjomba au jirani.

Lugha yetu, kwa hikima yake, ilikwisha kulijua jambo hili kabla ya wachunguzi. Waarabu huiita nyumba ya namna hii mat'haf, yaani mahali pa tuhfa, na tuhfa ni kitu adimu, kitu cha thamani kistahikicho kuzawadiwa mtu wa heshima. Jina hilo linaelekea upande wa ajabu. Waswahili wakaiita makumbusho. Na Unguja, nyumba ya Beit el-Amani, ambayo tangu mwaka 1925 ndiyo iliyokuwa ikihifadhi tunu za visiwa vile, ilijengwa iwe ukumbusho wa amani iliyopatikana baada ya Vita Kuu vya kwanza, hata ikawa ukumbusho na makumbusho ni nyumba moja. Angalia tena umbo la neno lenyewe. Halikutokana na kukumbuka tu, jambo ambalo mtu aweza kulifanya peke yake kitandani, bali limetokana na kukumbusha, na kukumbusha kunataka watu wawili: mwenye kukumbusha na mwenye kukumbushwa. Kasha halisemi. Mdila wa kahawa hausemi. Kibao cha maelezo husema maneno machache kisha kikanyamaza. Akikosekana wa kukumbusha, nyumba hiyo itabaki kuwa ghala lenye taa nzuri.

Nitawasimulia nililoliona kwa macho yangu. Asubuhi moja, katika nyumba moja ya makumbusho ya mji huu, nilimkuta bi mkubwa amevaa buibui, ameongozana na wajukuu watatu, na mkubwa wao, msichana wa miaka kama kumi na minne, alikuwa amekwisha kuchoka na uso wake haukuficha. "Bibi, twende zetu," alisema kwa Kiarabu, "hapa hamna kitu." Bibi alikuwa amesimama mbele ya kasha la mbao nyeusi lililopigwa misumari ya shaba iliyopangwa mistari na maua, la namna ile ambayo hapa huitwa mandus, na kibao kilichokuwa chini yake kilisema kwamba ni sanduku la mbao lenye misumari ya shaba, habari ambayo mwenye macho hakuihitaji. Bibi akajibu kwa Kiswahili pasipo kugeuka. "Njoo hapa, mjukuu wangu. Mama yangu alipewa kasha kama hili siku ya harusi yake, Mkunazini, kule Unguja. Hili lina siri." Akainua kidole, akaanza kuchora hewani bila ya kuligusa: hapa upande wa kulia, ukifunua kifuniko, pana kishubaka cha kuwekea udi na marashi, na chini ya kishubaka hicho ubao wake huvutika, na nyuma ya ubao pana nafasi nyembamba kama kiganja, na humo ndimo ulimokaa mkufu wa mama yake na karatasi za nyumba. "Ukigonga huku linalia mti," alisema, "ukigonga huku linalia utupu. Sisi watoto tulijua, lakini tulijifanya hatujui."

Wale wadogo wawili wakachutama kutazama kwa chini, kana kwamba mkufu wenyewe huenda ungali umo. Kijana mmoja wa Kiomani, mwongozaji wa wageni katika nyumba hiyo, akasogea akauliza kwa adabu bi mkubwa anasema nini. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sijalisahau. Yule msichana aliyekuwa akitaka kuondoka ndiye aliyejibu: akasimama katikati ya bibi yake na yule kijana, akawa anafasiri, Kiswahili kwenda Kiarabu na Kiarabu kwenda Kiswahili, na kila bibi alipoongeza neno yeye aliuliza, "Kisha, Bibi? Kisha?", si kwa ajili ya kijana yule tena, bali kwa ajili yake mwenyewe. Alipouliza kasha lile liko wapi sasa, bibi alinyamaza kidogo, akasema, "Siku tuliyoondoka hatukuwahi kulibeba." Msichana hakulifasiri neno hilo. Aliushika mkono wa bibi yake, wakaendelea katika chumba cha pili, na wala hapakuwa tena na mtu aliyesema twende zetu.

Katika mji huu wapo watu wengi kama bi mkubwa yule. Baada ya mapinduzi ya Unguja ya mwaka 1964, na zaidi baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos aliposhika utawala na kuwaita nyumbani wana wa Oman waliotawanyika, maelfu walirudi katika nchi ambayo baadhi yao hawakuwahi kuiona, wakafanya kazi katika hospitali, mabenki, madarasa na maofisi, na Kiswahili kikawa lugha ya mabaraza na ya majiko, kikisikika Al Khuwair, Al Hail na Al Khoudh kama kinavyosikika Michenzani ya Unguja. Watu hao wamebeba vichwani mwao nusu ya maelezo ambayo vibao vya makumbusho havina. Wanajua kwa nini kumma aivaayo Mwomani kichwani ni ndugu wa kofia ya Unguja, na jinsi matundu yake yanavyoshonwa kwa uzi mwembamba tundu baada ya tundu. Wanajua chetezo kinavyotiwa makaa ili nguo zifukizwe pasipo kuungua. Wanajua mdila upi ni wa wageni na upi ni wa wenyewe. Nao aghalabu hawaendi makumbushoni, kwa kuwa hudhani kwamba mahali pale ni pa watalii na wasomi, ilhali wao ndio kitabu chenyewe.

Na kama hofu hiyo ipo mbele ya kasha na mdila, vitu vya nyumbani, seuze mbele ya picha za wachoraji wa leo. Hapa Maskati, jumuiya ya wachoraji wa Oman imekuwapo tangu mwaka 1993, na kumbi za watu binafsi zimeongezeka; na mwaka 2022 Oman kwa mara ya kwanza iliweka banda lake katika maonyesho makuu ya sanaa ya Venice, Italia, kwa kazi za watu watano, Anwar Sonya, Hassan Meer, Budoor al-Riyami, Radhika Khimji na marehemu Raiya al-Rawahi. Lakini mwambie jirani yako mwende pamoja kutazama picha, atakujibu, "Mimi si mtu wa picha, sizielewi." Maneno hayo huniumiza, kwa sababu si ya kweli. Mwanamke wa Kiswahili aingiapo dukani kuchagua doti ya kanga, akaipima pindo yake na mji wake, akatazama rangi kama zinaafikiana au zinagombana, akasoma jina lililoandikwa na kufikiri litamfikia nani na litapokewaje, amekwisha kufanya kazi yote ambayo mhakiki wa sanaa huifanya mbele ya picha, na pengine ameifanya kwa makini zaidi, kwa kuwa ataivaa. Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 na kulelewa Uingereza, ambaye mwaka 2017 alipewa tuzo ya Turner, tuzo mashuhuri ya sanaa ya nchi ile, miongoni mwa kazi zake zimo zilizofuata umbo la kanga. Kile ambacho ulimwengu umekipa heshima katika kumbi zake kubwa, mama zetu wanakikunja kabatini.

Basi asemaye haelewi, maana yake ni kwamba hajapata wa kumwambia kwamba anaelewa. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana, na methali hiyo ina mahali pake katika mafumbo ya barazani. Lakini mlangoni pa makumbusho ni lazima iachwe nje pamoja na viatu vya kiburi, kwa kuwa nyumba ile imewekwa kwa ajili ya huyo hasa asiyejua maana, ili aambiwe.

Nasema kwa haraka ya moyo, kwa sababu wakati hautungoji. Tarehe 25 Desemba mwaka 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, kasri aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883 na ambayo wengi wetu tuliiona kama mlima usioweza kuondoka, ilianguka mchana, ikaua watu wawili, na simanzi ilifika mpaka Maskati siku ile ile kwa simu kutoka kila upande. Nyumba iliyoanguka yaweza kusimamishwa tena, maana mawe hupatikana na mafundi hupatikana. Mzee akiondoka na habari ya kasha lake hakuna fundi awezaye kumsimamisha. Kila mwaka tunawazika watu waliozijua siri za vitu vilivyomo katika vioo vile, na vitu vinabaki, vinang'arishwa, vinamulikwa, navyo vinazidi kuwa bubu.

Kwa walinzi wa nyumba hizi nina ombi moja la taadhima. Makumbusho ya Taifa yamewawekea wasioona maelezo ya nukta nundu kwa Kiarabu, jambo la ubinadamu mkubwa lipasalo kuigwa; na nyumba iliyokwisha kufikiri namna ya kusema na vidole vya asiyeona, haitashindwa kufikiri namna ya kusema na masikio ya bi mkubwa wa Al Khuwair. Kiswahili na kipewe siku yake. Wazee waalikwe wakae viti mbele ya vitu walivyovitumia, si kama watazamaji, bali kama wasemaji, na vijana waongozaji wakae chini yao wasikilize na kuandika. Gharama ya jambo hilo ni viti vichache na kahawa, na faida yake ni kubwa kuliko matangazo ya mwaka mzima, kwani kila mzee atakuja na kizazi chake.

Kwa walimu naomba kwamba safari ya makumbushoni isiwe siku ya kupanga watoto mistari miwili na kuwahimiza wasiguse. Mtoto mmoja aliyesimama mbele ya kitu kimoja kwa robo saa, akiambiwa kilivyotengenezwa na kilivyotumika, amefaidika zaidi kuliko watoto mia waliopitishwa kumbi zote kwa saa moja.

Na kwenu nyinyi wenye jamaa, ambao ndio hasa niliowakusudia, ombi langu ni jepesi. Msingoje mgeni kutoka Mombasa. Ijumaa ijayo, baada ya sala na chakula, mchukueni mzee mmoja na mtoto mmoja, mwanze na jahazi la Sohar kwa kuwa halina mlango wala tikiti. Mfikapo chini ya ubavu wake, mwulizeni mzee mbao hizi zimeshikamana kwa kitu gani, kisha nyamazeni, mtoto amsikilize.